Bima ya moto haimlindi mpangaji wa paseli yako

Mheshimiwa Mhariri,

Katika komini za Katuba, Kenya na Kamalondo hapa Lubumbashi ni kawaida mwenye nyumba kukaa upande mmoja wa paseli, yaani kiwanja chake, na kupangisha vyumba viwili vitatu vya upande wa pili. Wachache wenye bima huwa na ile ya moto tu, ambayo hulipia kuta na bati zao. Ukuta wa matofali mabichi uliolowa mvua ukimwangukia mtoto wa mpangaji, bima hiyo haimhusu. Kinachotakiwa ni bima ya madhara kwa watu wengine, ile ya RC (responsabilité civile).

Sheria iko wazi. Kifungu cha 262 cha Code civil ya Kongo, kitabu cha tatu, kinamtwika mwenye jengo fidia likiporomoka kwa kukosa matunzo au kwa ubovu wa ujenzi. Na tangu sheria ya bima ya 2015 ifungue soko lililokuwa la SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake, mtu anaweza kulinganisha kampuni, mradi ziwe na kibali cha ARCA, mamlaka inayosimamia bima.

Usianze na bei. Sema kwanza kwamba unapangisha: vyumba vingapi, watu wangapi, wanapikia mbabula (jiko la makaa) wapi, kisima kina kifuniko au la. Ukificha kwa makusudi, mkataba unaweza kubatilishwa. Ukisahau bila nia mbaya, kwa kawaida fidia hukatwa kwa uwiano: ulilipa dola 60 palipostahili 100, basi kwa hasara ya dola 2.000 utapata 1.200, kabla hata ya kutoa ile franshizi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe.

Halafu tafuta mkataba unamwita nani "mtu wa tatu". Bima nyingi za familia huwaacha nje wanaoishi na mwenye bima, na mpangaji mnayetumia naye geti na choo kimoja anaweza kutiwa kapu hilo. Dai iandikwe kwamba mpangaji, jamaa zake na wageni wake ni watu wa tatu. Kwetu sisi, sentensi hiyo inapita punguzo lolote la bei.

Ajali ikitokea, mpeleke majeruhi hospitali mara moja. Kumsaidia si kukiri kosa. Piga picha kabla ya kuondoa kifusi, toa taarifa ndani ya siku zilizoandikwa, mara nyingi 5 tu, na usisaini ahadi ya kulipa kabla kampuni haijajibu.

Tunaomba gazeti lako lizihimize kampuni zitoe kifungu hicho cha "mtu wa tatu" kwa Kiswahili. Mikataba huandikwa kwa Kifaransa, na wengi huisaini bila kusomewa.

Wasomaji wako, Kampemba, Lubumbashi