Malalamiko: giaboksi ya propela isiyolingana na ankara

Kajiado, Kenya

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: SETI YA KUGEUZA INJINI YA PIKIPIKI YA BMW R1100 KUWA YA NDEGE NDOGO

Pamoja na barua hii tunawarudishia giaboksi ya kupunguza mizunguko, ikiwa ndani ya sanduku lake. Imefanya kazi saa 9 tu, zote injini ikiwa imefungwa kwenye stendi chini. Kwa hali iliyo nayo, haifai kupelekwa angani.

Tuanze na meno, maana hayo hayana ubishi. Ankara yenu imeandika uwiano wa 2.6, yaani injini izunguke mara 2.6 kwa kila mzunguko mmoja wa propela. Tulipofungua kasha tulihesabu meno 20 kwenye gia ndogo na 44 kwenye kubwa, yaani 2.2. Propela yetu ya mita 1.70 tuliichagua kwa kufuata jedwali lenu: injini ikienda mizunguko 6,500 kwa dakika, propela iende 2,500. Kwa gia mlizoleta, propela hufika 2,500 injini ikiwa bado kwenye 5,500, kwa hiyo injini inalemewa hapo na nguvu za juu haizipati kamwe. Fundi wenu alitushauri kwa simu tupunguze pembe ya mapanga ya propela, ili iwe nyepesi kuzungusha. Tukifanya hivyo injini itafika 6,500, lakini propela itazunguka 2,955 na ncha zake zitakwenda mita 263 kwa sekunde badala ya 223. Hapo tutapata kelele nyingi na msukumo mdogo wakati wa kuruka, na hapa tuko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mchana wa joto injini hii tayari imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake.

Kosa la pili ni kubwa kuliko hilo. Injini hii ina silinda mbili zinazotazamana, na hulipuka mara moja kwa kila mzunguko wa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Pistoni zote mbili hupanda pamoja. Wakati moja inabana hewa, krenki inavutwa nyuma, na ikilipuka inasukumwa mbele kwa kishindo. Kwenye pikipiki kishindo hicho hupunguzwa na klachi, springi na tairi. Ninyi mmeondoa klachi na kuunganisha flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) na gia kwa bamba la chuma tupu, halafu mbele yake kuna propela nzito isiyotaka kubadili mwendo. Matokeo yake ni kwamba kati ya mizunguko 1,900 na 2,300 meno yanaachana na kugongana, na mlio wake ni kama wa mawe ndani ya debe. Kwenye bamba, kuzunguka matundu ya bolti, tulikuta unga mwekundu kama kutu. Fundi yeyote anajua maana yake: vyuma viwili vilivyokazwa vinasuguana. Bolti mbili kati ya sita zilikuwa zimelegea, na hazikukazwa kwa mkono. Tulitumia spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo cha kitabu chenu.

Tazameni pia gia kubwa mtakapofungua sanduku. Kila jino la nne limelika kuliko mengine. Hilo si bahati mbaya. Mlipuko huangukia jino lile lile la gia ndogo kila mzunguko, na kwa kuwa 20 na 44 zote zinagawanyika kwa 4, jino hilo hukutana na meno 11 tu ya gia kubwa, siku zote hayo hayo. Gia za meno 19 na 49 zingetoa 2.58, karibu kabisa na mlichoandika kwenye ankara, na mapigo yangesambaa kwenye meno yote.

Jibu lenu la barua pepe lilisema mtetemo ni kawaida ya injini ya silinda mbili. Mtetemo ndiyo, unga mwekundu hapana. Dawa yake inajulikana: kapulingi (kiungo) ya raba laini kati ya flaiwili na gia, ili mtetemo mkubwa ushuke chini ya mizunguko ya sailensa, yaani ya injini ikiunguruma bila kuongezwa mafuta, nayo injini iupite inapowashwa na kuzimwa tu.

Kitabu chenu kina mapungufu mengine mawili. Kinaruhusu bolti za flaiwili zitumike tena, ilhali ni bolti za kutanuka, za kukazwa mara moja kwa toki na kisha kwa pembe. Tena hakisemi popote kwamba injini ikigeuzwa ili klachi itazame mbele, milango ya ekzosi inabaki nyuma, upande usiopigwa na upepo. Bila mabati ya kuelekeza hewa hadi huko, na kwa kipoza-oili kidogo cha pikipiki mlichokiacha, oili ilifika nyuzi 140 kwa dakika sita tu kwenye mizunguko 5,000.

Tunadai gia mpya zenye uwiano ulioandikwa kwenye ankara, pamoja na beringi zake. Kapulingi ya raba na maelezo ya uzito wa propela ambao kapulingi hiyo inaweza kuuhimili. Bolti mpya za flaiwili. Na gharama za usafirishaji wa kwenda na kurudi. Kama hamna kapulingi hiyo, turudishieni fedha zote. Tunataka jibu la maandishi ndani ya siku 14, la sivyo tutadai haki yetu chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

Kuna dai moja lisilongoja siku 14. Waandikieni leo wote walionunua seti hii wasiruke kabla ya kufungua kasha na kukagua bamba. Sisi tulikuwa bado kwenye stendi. Huenda mwenzetu mahali fulani ameshafunga yake kwenye ndege.

Wenu,
Wajenzi wa ndege ya viti viwili

Nakala: Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya
Viambatisho: ankara, picha 14 za gia na bamba, sampuli ya unga kwenye kichupa