Barua kwa Kaka Shomari kuhusu ile picha ya meli

Tacoma, Marekani
14 Julai

Mpendwa Kaka Shomari,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Tunu na watoto mkiwa wazima, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu tangu Zaina alipompeleka kliniki. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Nimeamua kukuandikia barua badala ya kujibu kwenye kikundi cha familia, kwa sababu yale maneno uliyoyaweka chini ya picha ya wanangu, kwamba wenzenu tunapanda meli ilhali huko uzio unawashinda, yalisomwa na ukoo mzima, wakiwemo watu wa Masasi ambao hata hawakuwa na habari ya uzio, na mimi sikutaka jibu langu nalo lisomwe na ukoo mzima. Yameniuma, Kaka. Najua jirani anakimega kiwanja cha Chanika hatua kwa hatua, na uliponipigia simu mwezi Machi nilikuahidi fedha ya uzio, sijasahau. Lakini picha haionyeshi bei, wala haionyeshi fedha ilivyopatikana, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho, kisha unihukumu.

Kwanza ujue kwamba safari ile ya Alaska haikuwa anasa ya kukurupuka. Nauli niliilipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na nusu, kwa zamu za usiku ambazo sina haja ya kuzieleza hapa. Baba Salha hakupata likizo, ndiyo maana humwoni pichani. Chumba tulichochukua kilikuwa cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, chenye vitanda viwili chini na viwili vya kushushwa kutoka ukutani, na taa ikizimwa humo hujui kama ni usiku au mchana. Mwanangu Rukia alikiita stoo mpaka siku tuliposhuka. Nguo za baridi nazo usidhani ni za dukani. Nilizinunua mitumba, kwenye duka ambalo ukiingia unasikia harufu ileile ya belo linapofunguliwa pale Karume, na huenda makoti tuliyoyaacha kwenye henga ndiyo mtakayoyakuta Ilala mwakani. Nilichojifunza ni kwamba koti moja zito halina faida kwa mtoto, kwa sababu akikimbia linamtoa jasho na akisimama lile jasho linamgandisha. Afadhali fulana ya kubana isiyo ya pamba, juu yake sweta la sufu, na juu kabisa koti jepesi lisilopitisha mvua. Glavu nilinunua pea mbili kwa kila mtoto, na Idi alizipoteza zote kabla ya siku ya nne.

Meli ilitoka Seattle mwishoni mwa Juni kuelekea kaskazini, Alaska, safari ya siku saba. Ndilo lile jimbo ambalo Marekani ililinunua kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na nilipokuwa nikiwasimulia watoto habari hiyo nilikukumbuka wewe, kwa maana ni kiwanja kikubwa kuliko Tanzania yote na hakuna aliyefikiria kukizungushia uzio.

Sasa nikueleze mahali ambapo fedha ya safari kama hii inapotelea, maana watu wengi hawapajui. Nauli inakupa kitanda na chakula tu. Kila meli inapotia nanga kuna matembezi ya nchi kavu, na kila tembezi lina bei yake kwa kila kichwa, mtoto wa miaka minne akihesabiwa mara nyingine kama mtu mzima. Siku ya kwanza tu wanangu waliona kwenye kijitabu picha ya mbwa wanaovuta sileji, kile kigari kisicho na magurudumu, juu ya barafu, ambako unapelekwa kwa helikopta, na wakaamua kwamba hiyo ndiyo Alaska na kwamba nyingine zote ni za uongo. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 600 kwa mtu mmoja. Nilipiga hesabu papo hapo: watu wanne, dola 2,400, karibu shilingi milioni sita. Kaka, namba ya kwanza iliyonijia kichwani ilikuwa ya matofali. Nikasema hapana, Salha akalia, na usiku ule sikupata usingizi. Lakini siku ya siku ukungu ulishuka, helikopta hazikuruka, na ile familia ya meza ya jirani iliyokuwa imelipa ikarudishiwa fedha zake na kubaki imekaa melini huku siku ikiwa imepotea. Sikufurahia msiba wa wenzangu, ila sikusikitika sana pia.

Tangu hapo nilichagua kwa kipimo changu mwenyewe. Nilijiuliza Rukia ataweza kukaa muda gani bila choo, kama kitu chenyewe kitaonekana kwa macho au tutasimuliwa tu ndani ya basi, na kama kitakuwa na maana mvua ikinyesha, kwa sababu mvua kule hainyeshi kwa bahati mbaya: mji wa Ketchikan peke yake hupata zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, mara tatu ya mvua ya Dar es Salaam.

Juneau, makao makuu ya jimbo, ni mji usio na barabara ya kwenda nje. Unaingia kwa meli au kwa ndege, na mji huo unaishi hivyo na hakuna anayelalamika. Hapo nililipia jambo moja tu, nalo ni boti ndogo ya kwenda kutazama nyangumi. Walitufunga maboya, tukaenda kama nusu saa, kisha nahodha akazima injini na kila mtu akanyamaza, hata Rukia. Ulisikika kwanza mpumuo, kama gari kubwa linapoachia breki za upepo, halafu mgongo mweusi ukapanda taratibu umbali usiozidi ule wa kutoka barazani kwetu Mtoni mpaka kwenye muembe wa akina Mkumba, na mwisho mkia ukainuka wima, maji yakichuruzika kwenye kingo zake, ukazama bila kurusha tone. Idi alinishika mkono akaniachia alama za kucha. Yule mwelezaji alituambia kwamba nyangumi hao hukaa majira ya baridi Hawaii, ambako huzaa bila kula chochote cha maana, na huja Alaska kiangazi kula mpaka washibe. Nami nikawaeleza watoto kwamba aina hiyohiyo, wale wenye nundu, hutoka bahari ya kusini kabisa kwenye barafu na kupanda mpaka pwani yetu kuanzia kama Julai, kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Salha akaniuliza kwa nini basi mimi niliyezaliwa Mtoni sikuwahi kuwaona. Nilimjibu kwamba hakuna aliyewahi kutupeleka. Ni jibu la kweli, na sikulitoa kwa kumlaumu Marehemu Baba, aliyehesabu mizigo ya meli za watu bandarini miaka ishirini na sita bila kupanda hata moja, na ambaye kila sikukuu ya Idi alitupeleka sote Kigamboni na kuturudisha kwa pantoni, akituonyesha kwa kidole kila meli iliyotia nanga na kutuambia imetoka wapi. Nilipokuwa nimesimama kwenye sitaha ya ghorofa ya kumi na moja, Kaka, nilikuwa nikimwonyesha yeye.

Skagway ungeipenda kuliko mimi, wewe uliyekuwa ukitoroka shule kwenda stesheni kuangalia vichwa vya treni. Huko kuna reli iliyoanza kujengwa mwaka 1898, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu ya Klondike, upande wa Kanada, na ikakamilika mwaka 1900. Upana wake ni milimita 914, yaani ni nyembamba hata kuliko ile ya kwetu ya zamani ya mita moja, lakini inapanda mlima karibu mita 900 katika kilomita 32 tu, mabehewa yakipita ukingoni mwa korongo ambalo sikulitazama mara mbili. Kabla ya reli, askari wa Kanada hawakumruhusu mchimbaji kuvuka mpaka bila shehena ya chakula na vifaa vya mwaka mzima, kama tani moja, ambayo wengi waliibeba mgongoni kwa awamu, wakipanda na kushuka njia ileile mara kadhaa. Kwa watoto treni ilikuwa chaguo zuri kuliko yote: ina choo, ina joto, na mvua ikinyesha unafunga dirisha.

Ketchikan ndiko nilikokosea. Nililipia kampuni moja ya nje ya meli, kwa kuwa ilikuwa rahisi kidogo, itupeleke kutazama nguzo ndefu za mwerezi zilizochongwa na Watlingit na Wahaida, wenyeji wa asili wa huko. Nguzo zenyewe zinastahili: wanyama na watu wamepandana mmoja juu ya mwingine kama kwenye vinyago vya Wamakonde pale Mwenge, na kila umbo ni habari ya ukoo fulani. Tulielezwa pia kwamba kwa Watlingit mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kama kwetu sisi Wayao, nikacheka peke yangu kwa kumkumbuka Bibi. Lakini basi la kurudi lilichelewa dakika arobaini, na hapo ndipo nilipoelewa kile nilichokuwa nimekisoma bila kukitilia maanani: ukienda kwa matembezi ya meli yenyewe, mkichelewa meli inawasubiri, ukienda kwa mpango wako, haikusubiri hata kidogo. Tulishuka basini tukiwa tunakimbia, Rukia nimembeba, Salha amebeba viatu vya Rukia, na tulipokuwa tukipanda ngazi jina langu lilikuwa linatangazwa kwenye vipaza sauti. Mwajuma Saidi, Mwajuma Saidi, kwa lafudhi ambayo Mama asingeitambua. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni kwamba ukiwa na watoto, la mbali linunue melini hata kama ni ghali, na la karibu litembee kwa miguu yako.

Na lililo bora kuliko yote halikuwa na bei. Siku tuliyoingia Glacier Bay, ghuba iliyo ndani ya hifadhi, meli haikutia nanga popote. Walipanda askari wa hifadhi kwa boti ndogo, wakakaa nasi kutwa wakisimulia. Nahodha Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1794 alikuta ghuba karibu yote imezibwa na barafu, na kufikia mwaka 1916 barafu ilikuwa imerudi nyuma karibu kilomita 100. Tulisimama mbele ya ukuta wa barafu wenye urefu wa kama ghorofa ishirini, wa rangi ya buluu, kwa kuwa barafu iliyoshindiliwa humeza mwanga mwekundu na kuurudisha ule wa buluu. Kipande kilidondoka tukakiona kwanza, ndipo mngurumo ukafuata. Watlingit wanauita ngurumo nyeupe. Idi aliapishwa na askari wale mkono ukiwa juu, akapewa beji ya askari mdogo wa hifadhi, na Salha alijibu swali mbele ya watu zaidi ya mia moja kwa sauti isiyotetemeka. Hilo nalitaja kwa makusudi, ili Mama alisikie.

Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Jua kule mwezi Juni linazama baada ya saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi, meli inageuka huku na huku kwenye mikono ya bahari, na mimi niko kwenye stoo yangu na dira ya simu, naitafuta kibla ambayo baada ya rakaa mbili imehama. Nilitamani chai ya mkandaa na chapati za wifi Tunu kuliko vyakula vyote vya pale, na vilikuwa vingi.

Sasa tuje kwenye lililokuudhi. Asubuhi ya leo nimekutumia shilingi milioni moja na nusu kwa namba yako ileile, na nyingine kama hiyo itakuja Septemba, inshallah. Naomba usianze na tofali. Anza na mpima ardhi aoneshe mawe ya mipaka, mwenyekiti wa serikali ya mtaa awepo, na jirani awepo na aweke saini, kwa sababu ukuta ukijengwa mahali pasipo sahihi tutalipa mara mbili, na fedha ya mara ya pili mimi sina. Risiti nitumie mimi, tafadhali usiziweke kwenye kikundi.

Desemba nitakuja na watoto, tiketi nimeshaanza kuzilipa kwa mtindo uleule. Nimewaahidi kwamba Mjomba atawapeleka Kigamboni kwa pantoni, muda wa jioni watu wanapotoka kazini, wapate kusukumwa kidogo na kununua karanga. Rukia anauliza kama tukichelewa watatutangaza majina. Nimemwambia hilo amwulize Mjomba wake mwenyewe.

Wasalimie wote, na Mama mwambie nitampigia Ijumaa baada ya swala.

Mdogo wako,
Mwajuma (Mama Salha)