Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya: Indemniti ya Desemba haimlindi daktari wala mgonjwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Cathedral Road,
Nairobi.

Nakala: Mamlaka ya Kudhibiti Bima, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni wakala wa bima. Nauza bima za magari, za nyumba na za mizigo ya bandarini, na kila Desemba nauza kwa wingi bima ya dhima ya kitaaluma kwa watu wa afya, ile ambayo wenyewe huiita indemniti. Kamisheni yangu imo humu, kwa hiyo nisomwe kwa tahadhari hiyo. Ila haya nitakayoyasema hayataniongezea mteja hata mmoja; huenda hata yakanipunguzia.

Desemba simu yangu hailali. Leseni za mwaka zinakwisha, na Baraza linataka kuona hati ya indemniti kabla ya kuhuisha leseni ya daktari. Basi ananipigia daktari wa meno wa Nyali, ananipigia daktari wa kaunti aliye zamu Kwale, ananipigia na kijana aliyemaliza intanshipu juzi na hajalipwa bado. Swali lao ni moja: ya bei ya chini kabisa ni pesa ngapi, na nikilipa sasa hivi kwa M-Pesa naipata leo? Kuulizwa bima hiyo inalipa nini, inamlipa nani na inaisha lini, hilo ni nadra. Siwalaumu. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hana nguvu za kusoma kurasa za Kiingereza cha mawakili. Kampuni nazo zinamjua mteja wao, zinamuuzia karatasi ya kupitisha leseni. Mgonjwa, ambaye ndiye aliyefanya Bunge lifikirie jambo hili, hajui hata kama karatasi hiyo ipo.

Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 253, ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019, na sina ugomvi na lengo lake, la kutaka daktari awe na bima ya kumlinda yeye na mgonjwa. Ugomvi wangu ni na kinachopita mezani kwangu. Hati mbili zenye jina lile lile, bei zikitofautiana kidogo tu, zinaweza kutofautiana kwa kinga kama mbingu na ardhi, na zote mbili zinapakiwa mtandaoni, zinakubaliwa, leseni inatoka.

Tazama tulivyofanya kwa matatu. Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, haikuishia kusema kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu. Ilisema bima hiyo lazima ibebe nini, ikaweka kiwango cha madai, milioni tatu, na ikaiwajibisha kampuni kumlipa aliyeumia hukumu ikishatolewa, hata kama ina maneno yake na mwenye gari. Abiria aliyevunjika mguu Mariakani ana mlango wa kubisha. Indemniti ya daktari haina sheria yake ya namna hiyo. Mama aliyeumizwa kwenye chumba cha upasuaji anamshtaki daktari au hospitali, anashinda, kisha anasubiri daktari na kampuni yake wamalizane kuhusu barua ya kuiarifu kampuni iliyochelewa kufika.

Jambo linalowaumiza wateja wangu zaidi, na ambalo wengi hawalijui mpaka siku mambo yaharibike, ni hili la tarehe. Bima ya gari hutazama siku ya ajali. Indemniti nyingi hutazama siku dai lilipoletwa. Chukua mfano. Mama anajifungua kwa upasuaji Machi 2021, mtoto anachelewa kulia. Wakati ule daktari ana bima ya kampuni ya kwanza. Januari 2023 anahamia kampuni ya pili kwa sababu ni nafuu kwa elfu chache, na hati mpya inasema kinga yake inaanza Januari 2023, haiendi nyuma. Mwanzoni mwa 2024 barua ya wakili inafika. Kampuni ya kwanza inasema dai limekuja muda wetu umekwisha. Ya pili inasema tukio lilitokea muda wetu haujaanza. Zote mbili zinasema kweli kwa mujibu wa hati zao. Daktari alilipia kila mwaka bila kuruka, na siku ya haja hana bima.

Sheria yetu ya ukomo wa mashtaka inampa mtu miaka mitatu kwa madhara ya uzembe, lakini mahakama inaweza kumruhusu kuja baadaye kama mambo ya msingi hakuyajua mapema. Katika tiba hilo si ajabu. Pamba iliyosahauliwa tumboni haitoi taarifa siku ya kwanza, na mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa hujulikana hali yake pole pole, wenzake wanapoanza kukaa na kutambaa yeye bado amelala. Katikati ya muda huo daktari anaweza kuwa amestaafu, amekwenda kusomea ubingwa, amehamia Saudia au Uingereza, au amefariki. Na kufa hakufuti dai, huwafuata warithi wake. Nimewahi kumweleza daktari mzee anayefunga kliniki yake kwamba anahitaji kinga ya miaka baada ya kustaafu. Alinitazama kama tapeli. Nilimwelewa: nani hulipia bima ya kazi aliyoiacha?

Ongeza hapo kwamba kampuni za bima nazo hufa. Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, Resolution Insurance mwaka 2022. Kwa bima inayotazama tarehe ya dai, kampuni ikianguka haiachi nyuma deni la mwaka ule tu, inaacha wazi kazi yote ya miaka iliyotangulia, isipokuwa kampuni mpya ikubali kuibeba.

Australia walilipitia hili kwa machungu. Mei 2002 shirika lililokuwa likiwakinga madaktari wengi kuliko yote nchini humo, UMP, liliingia mikononi mwa mfilisi wa muda. Madaktari wakatishia kuacha upasuaji, wakunga na wazazi wakaingiwa na hofu, serikali ikalazimika kutoa dhamana. Baadaye walitunga sheria juu ya bidhaa yenyewe: anayeuza indemniti ya daktari lazima ampe mteja nafasi ya kununua kinga ya kazi zake za nyuma, na kuanzia 2004 wakaweka mpango wa kuwakinga waliostaafu na warithi wa waliofariki. Leo kule daktari, muuguzi na mtaalamu wa fiziotherapia hawapati usajili bila mpango wa bima. Hatuna uchumi wao, najua. Lakini kuamuru hati iwe na tarehe inayorudi nyuma hakuhitaji uchumi mkubwa, ni kanuni ya ukurasa mmoja.

Sasa nije kaunti, kwa sababu huko ndiko walipo wagonjwa wengi. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, daktari wa hospitali ya kaunti husikia maneno mawili. Mwajiri humwambia usijali, kesi ikija sisi ndio tutashtakiwa. Wakili wa mgonjwa huwashtaki wote wawili pamoja. Mahakama ikiwakuta na hatia kwa pamoja, mdai anaweza kudai fedha zote kwa yeyote kati yao. Hapo ndipo Sura ya 40, sheria ya kesi dhidi ya serikali, inapoingia: mali ya serikali hainadiwi kulipa hukumu, na kinga hiyo inazifunika kaunti pia. Gari la wagonjwa la kaunti haligusiki. Gari la daktari, Probox yake, linagusika. Kwa hiyo mgonjwa aliyechoka kungoja kaunti ilipe madeni yake, na Mheshimiwa unajua foleni ya madeni hayo ilivyo, atageukia mtu ambaye dalali anaweza kufika nyumbani kwake. Yule daktari wa Kwale aliyetafuta hati ya bei ya chini kwa kuambiwa kaunti itambeba ndiye mfuko pekee uliobaki mezani.

Halafu kuna lokamu, yaani zamu za muda za kibarua nje ya kituo cha ajira. Wengi wa wateja wangu wa kaunti hufanya lokamu wikendi kwenye hospitali binafsi, na hati zao zimetaja kituo kimoja cha kazi. Nikiwauliza kama wameandika vituo vyote kwenye fomu, wanacheka. Kampuni haitacheka.

Kosa la hospitali mara chache ni la mtu mmoja. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilimfungua fuvu mgonjwa asiye mwenye damu iliyoganda. Wagonjwa wawili walikuwa wamechanganywa. Waliosimamishwa kazi walikuwa daktari wa upasuaji, muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa wa upasuaji na mtaalamu wa nusukaputi. Jirani zetu wa Tanzania walipata msiba wa aina hiyo Muhimbili mwaka 2007, kichwa na goti vikabadilishana wenyewe. Katika visa hivyo viwili mnyororo ni mrefu, kuanzia anayefunga kibandiko mkononi hadi anayeshika kisu. Lakini Kenya kila kada ina sheria yake, baraza lake na mazoea yake. Wanaokuja ofisini kwangu ni madaktari na baadhi ya matabibu, wale tunaowaita klinikal ofisa, ambao vijijini ndio hutoa nusukaputi na kufanya upasuaji wa uzazi. Wauguzi ni wa kuhesabu. Wa maabara na wa eksirei karibu hawaji. Jibu la damu lililobandikwa jina la mtu mwingine linaua kama kisu kilichoteleza.

Nimalizie malalamiko yangu kwa kifungu ambacho kipo karibu katika kila hati ninayouza: mwenye bima asikiri kosa, asiahidi malipo, asizungumze lolote la kumfunga bila idhini ya kampuni. Kwa kampuni kina mantiki. Kwa mgonjwa ni ukuta. Familia inauliza ilikuwaje, daktari ananyamaza, muuguzi anaangalia pembeni, mkurugenzi anasema uchunguzi unaendelea. Wakili mmoja wa hapa mjini, ambaye huwatetea wagonjwa, aliniambia nusu ya wateja wake wasingefika kwake kama wangeelezwa siku ya pili; sina namna ya kuipima nusu hiyo, ila naamini mwelekeo wake. Jimbo la New South Wales, Australia, liliandika katika sheria ya mwaka 2002 kwamba kuomba radhi hakuhesabiki kuwa kukiri hatia wala hakutumiwi mahakamani kuthibitisha uzembe. Hapa kwetu mtu akifiwa hata adui wa familia huja kutoa pole. Daktari aliyekuwa naye chumbani haruhusiwi, kwa sababu ya sentensi niliyomuuzia.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni kanuni, itungwe na wizara yako ikishirikiana na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, inayosema indemniti ya Kenya iwe na nini ndani ndipo ikubalike kwa leseni. Irudi nyuma hadi siku mtu alipoanza kuwa na bima bila kukatika, hata akibadilisha kampuni. Istaafu naye na kumfuata kaburini kwa miaka itakayokubaliwa, gharama yake ikikatwa kidogo kidogo angali kazini. Imlipie wakili mbele ya Baraza, si mahakamani tu, kwa sababu kwa vijana wengi kupoteza leseni kunatisha kuliko kudaiwa. Na ada za wakili zisile kile kiasi alichowekewa mgonjwa, kama zinavyokila sasa katika hati nyingi. Imfuate kila anakofanya kazi kihalali. Na hukumu ikishatolewa, aliyeumia aweze kuidai kampuni ya bima moja kwa moja, kama abiria wa matatu.

Kwa watumishi wa umma ningependelea njia nyingine kabisa: kaunti zote 47 na wizara ziweke mfuko mmoja wa kulipa madai ya vituo vya serikali, wafanyakazi wa kada zote wakiwemo, na mtumishi asidaiwe binafsi kwa kazi aliyoifanya zamu yake. Uingereza hospitali za umma hukingwa na serikali namna hiyo, na mwaka 2019 wakawaingiza hata madaktari wa zahanati za mitaa. Mfuko huo utaninyima wateja wa kaunti, na kampuni ninazoziuzia zitaupinga. Mzisikilize, lakini mziulize pia kwa mwaka zinakusanya kiasi gani kwa indemniti na zinalipa madai mangapi. Takwimu hizo Mamlaka inaweza kuzidai. Mimi wakala sizipati.

Kuhusu radhi, hilo ni la Bunge, na muswada wake utakuwa mfupi.

Hati za mwaka ujao huanza kutufikia mawakala Oktoba, zikiwa zimeshachapishwa maneno yake. Kanuni ikitoka Novemba itakuwa imechelewa, tutauza zile zile kwa mwaka mwingine mzima.

Wako mtiifu,

Wakala wa bima, Mombasa