Kuhusu lile neno la New Orleans

Ndugu yangu Salma,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, goti la Bi Mwanaidi linamsumbua vilevile, na masika yameanza kwa kishindo. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na ningalikuwa kimya hadi leo lau si neno moja la Kifaransa lililonifedhehesha.

Katika ile tafsiri ya masimulizi ya New Orleans niliyokusomea kwa simu, niliandika kwamba mama mmoja "alitembea juu ya benchi mpaka kanisani". Mhariri amepiga mstari mwekundu na kuniuliza kama yule mama alikuwa mwanasarakasi. Neno lenyewe ni banquette, ambalo asili yake ni kibenchi, na Waingereza wakilitumia leo humaanisha kiti kirefu chenye mto kilichoegemea ukuta wa mkahawa. Kumbe Kiingereza cha Louisiana kililipokea kwa maana ya njia ya waendao kwa miguu kando ya barabara. Mji ule, ambao Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718, umekaa bondeni kwenye udongo wa Mto Mississippi, na barabara zake zilikuwa tope tupu. Basi watu wakatandika mbao mbele ya nyumba, zikainuka mfano wa benchi, na jina likabaki hata baada ya mbao kupisha matofali na Marekani kuinunua Louisiana mwaka 1803.

Kinachoniuma si kicheko cha mhariri, bali ni kwamba mimi, mzaliwa wa Mji Mkongwe, ndiye niliyepaswa kulielewa. Si tulikuwa tukitoka chuoni, mvua imejaza vichochoro, tukapita juu ya baraza hadi baraza, huku wazee wakikunja miguu kutupisha na kutukaripia? Hata hivyo siwezi kuandika "baraza", kwani msomaji ataona mabwana wakinywa kahawa. Na nikiandika "njia ya miguu", neno linapoteza tope lake lote.

Wewe uliyeko Houston, utakwenda lini tena Louisiana kwa wale wakwe wa Hamisi? Tafadhali waulize wazee wa huko: je, bado wanalitumia, au limebaki vitabuni tu? Wanalitamka kwa Kifaransa, au wamelikata likawa "benkiti"? Na ungekuwa wewe, ungeandikaje? Mhariri anataka jibu kabla ya mwezi kwisha, na yule mama bado yuko juu ya benchi.

Wako,
Zuhura