Waya wa umeme wa baharini nao upatiwe pacha

Ndugu Mhariri,

Disemba 2009 nilikuwa na mafriza mawili hapa Malindi, Unguja, yamejaa jodari na nguru. Umeme ulipokatika nilijua utarudi usiku. Siku ya tatu nikafunua, nikakuta maji mekundu yamejaa chini na nguru wameshalegea, ukiwabonyeza kidole kinazama. Waliofaa niliwagawia majirani, waliobaki tuliwafukia. Umeme ulirudi Machi 2010.

Unguja nzima tulikuwa tukitegemea waya mmoja wa megawati 45, uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Ras Fumba, huku kwetu. Mahoteli yakaongezeka, majumba yakaongezeka, waya ni ule ule. Wa pili, wa megawati 100, tuliupata 2013.

Mwanangu anasoma uhandisi. Juzi alinieleza habari ya pacha wa kidijitali, nami nimeona niandike. Ndani ya waya za kisasa hupitishwa uzi mwembamba wa kioo, na mwanga unaopita humo hueleza joto la waya kipande kwa kipande. Kompyuta inachukua joto hilo, umeme unaopita, mchanga uliofunika na nguvu ya mkondo, inaunda ndani yake mfano wa waya, ndiye huyo pacha, unaofuata hali ya ule wa kweli saa kwa saa. Mchanga ukizidi juu yake, joto linakosa pa kutokea. Mkondo ukiufukua, unabaki wazi na nanga zinaunasa. Fundi anayaona haya mapema, kabla sisi hatujakaa gizani.

Ulaya wanatengeneza pacha wa bahari nzima. Mpango ulitangazwa Brest, Ufaransa, Februari 2022. Sisi tuanze na waya.

Lakini pacha bila vipimo ni mchoro tu, na vipimo vingine wanavyo wavuvi. Nahodha mmoja anayeniletea samaki huniambia kila mwaka kusi likishapiga, pahala alipozoea kutia nanga kwenye mchanga anakuta mwamba mtupu. Watu kama yeye waulizwe, walipwe kwa wanachokijua, na wapewe ramani wajue wapi wasitie nanga.

Naomba wahusika, waya mwingine ukiagizwa, zabuni itaje pacha wake humo humo, pamoja na mafunzo kwa vijana wetu wa kumsoma. Mafriza yangu sasa ni matano.

Mchuuzi wa samaki,
Malindi, Unguja