Mjomba, moshi wa Nyiragongo haufiki huko

Mjomba wangu wa Goma, salamu sana.

Uliuliza kuhusu wazo la kupoza dunia kwa ndege zinazomwaga gesi ya salfa juu angani: kama gesi hiyo ikitupwa juu hupoza dunia, mbona volkano yetu ya Nyiragongo inayotufukizia gesi hiyohiyo haijatupunguzia joto? Jibu ni kimo.

Kilele chake kiko mita 3,470. Moshi hubaki kwenye tabaka la mawingu, mvua inauosha baada ya siku chache, ndiyo maana mabati ya Rusayo, karibu na mlima huo, huoza mapema. Huku karibu na ikweta tabaka hilo hukoma kwenye kilomita 16 au 17. Gesi ikivuka hapo haikutani na mvua tena. Kwa wiki kadhaa hugeuka vitone vya asidi ya salfa, navyo huelea mwaka mzima au zaidi vikirudisha sehemu ya mwanga wa jua. Pinatubo wa Ufilipino ulirusha tani kama milioni 15 za gesi hiyo Juni 1991, na mwaka uliofuata dunia ikapoa karibu nusu digrii.

Kuiga volkano kwa ndege kunataka kufika kilomita 20. Ndege za abiria huishia 12. Kule juu hewa ni nyepesi mno, ndege inahitaji mabawa mapana na mzigo mdogo. Nafuu ni kubeba salfa yenyewe na kuiunguza hukohuko: kilo 1 hutoa kilo 2 za gesi.

Ugumu uko kwenye ukubwa wa vitone. Vinavyofaa vina kipenyo cha kama nusu mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ukizidisha gesi, vinagongana na kunenepa, vinaanguka upesi, na kila kilo inarudisha mwanga kidogo kuliko mwanzo. Tena juu ya vitone hivyo klorini hupata pa kuilia ozoni, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua. Na ukimwaga upande wa kaskazini tu, ukanda wa mvua husogea kusini. Mkulima wa Masisi anayengoja mvua ya Septemba atamuuliza nani?

Kinachonitisha zaidi ni kuacha. Kaboni inaendelea kurundikana chini ya kivuli hicho, bahari inazidi kuwa na asidi. Vita au ufukara ukizisimamisha ndege, vitone vitaisha kwa mwaka mmoja au miwili, na joto lililozuiwa kwa miongo litarudi kwa kasi ambayo mazao hayaiwezi.

Nairobi, mwanzoni mwa 2024, Uswisi ilipendekeza Umoja wa Mataifa uunde kundi la wataalamu kuhusu jambo hili. Nchi za Afrika zikasisitiza yawepo makubaliano ya kutolitumia, pendekezo likaondolewa. Niko upande wao, Mjomba.