Kabla ukurasa wa 14 haujachapwa

Mpenzi Salma,

Salamu nyingi, na watoto wote uwasalimie. Zuhura kanipa kurasa za kitabu chako, kasema Ijumaa zinakwenda kwa mchapaji, basi mengine nayaacha. Ukurasa wa 14 umeandika kwamba Uwanja Mwekundu wa Moscow umeitwa hivyo kwa ajili ya bendera za Wakomunisti. Tafadhali ifute sentensi hiyo.

Jina lenyewe ni Krasnaya Ploshchad, na lilishika tangu karne ya 17. Mapinduzi ya Wabolsheviki, ndio hao Wakomunisti, ni ya 1917! Katika Kirusi cha zamani krasnaya ni "-zuri". Maana ya wekundu ndiyo iliyobaki leo, uzuri ukahamia kwenye krasivaya. Masalia bado yapo: binti mrembo wa hadithini ni krasna devitsa, na pembe ya nyumba inayowekwa picha takatifu ni krasny ugol. Sisi tukisema "mahali peupe", nani anawaza chokaa?

Usikimbilie matofali pia, najua Mwalimu Kombo atakushauri hivyo. Kuta za Kremlin, ngome iliyo kando ya uwanja, ni za matofali mekundu kweli, zimejengwa kati ya 1485 na 1495, lakini karne ya 18 na ya 19 zilikuwa zikipakwa chokaa nyeupe. Jengo jekundu la makumbusho ni la karne ya 19, na kaburi la Lenin la mawe ni la 1930. Wekundu mwingi wa kwenye picha yako umelikuta jina lipo.

Ukipata nafasi ya mstari mmoja, ongeza kwamba kabla ya hapo paliitwa Torg, yaani soko, na pia Pozhar, yaani moto, kwa jinsi palivyokuwa pakiungua. Watoto watalishika hilo.

"Uwanja Mwekundu" uache, ndivyo watu wanavyoujua; weka tu baada yake "zamani maana yake Uwanja Mzuri". Halafu geuza kurasa za mwisho: swali la 3 bado lina jibu "bendera". Hapo ndipo masahihisho husahaulika. Na anayepanga herufi asichanganye krasnaya na krasivaya, zinafanana mno.

Kurasa bado unazo au zimeshatoka? Habari ya bendera uliipata wapi? Maelezo chini ya picha kaandika nani, nayo yanataja bendera? Na ukurasa wa 15, wa Kanisa la Mtakatifu Basil, niletewe lini?

Wako,
Mwanaidi